Mwenye Mwavuli Chini ya Nguzo

Kabla sijaingia katika maneno yangu ya leo, ningemwomba aliyeketi karibu na ukuta wenye kalenda aitupie jicho picha yake. Ikiwa ni picha ya mlima, au ya jangwa, au ya magofu ya kale, aghalabu ataona kwamba hamna mtu ndani yake. Kuna mwamba, kuna mchanga, kuna mbingu ya buluu isiyo na doa, lakini hakuna hata mchungaji mmoja apitaye kwa mbali na fimbo yake. Kwa miaka mingi niliamini kwamba hiyo ndiyo picha, na kwamba mtu akiingia ndani yake ameiharibu. Na imani hiyo ndiyo iliyotaka kunigombanisha na mke wangu katika safari ninayokusudia kuwasimulia, safari ya siku tano tuliyoifanya Septemba iliyopita kutoka hapa Mbeya hadi Iringa na viungani mwake, mimi nikiwa na kamera shingoni, naye akiwa na mwavuli mweusi wa kujikinga na jua.

Watu wengi wakisikia Nyanda za Juu Kusini hufikiria migomba ya Rungwe, na chai, na baridi ya Juni ya kuvaa makoti mawili, na kwa kweli hawakukosea. Ila nchi hii ina uso wa pili, ambao huuonyesha baada ya mvua kwisha Mei na kabla haijarudi mwishoni mwa mwaka, wakati nyasi za Usangu zinapogeuka rangi ya simba, na vumbi linapomfuata kila apitaye kama mtu anayemdai, na mibuyu ya bonde la Ruaha inaposimama bila jani hata moja. Mto wenyewe wa Ruaha Mkuu, uliokuwa ukipita Hifadhi ya Ruaha mwaka mzima, tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika kila kiangazi, ukawaacha viboko na samaki wamesongamana katika madimbwi, kwa kuwa maji yake hutumiwa huko juu kabla hayajafika. Jangwa halisi hatuna, na sipendi kumwongopea mtu. Lakini msafiri atokaye kwenye migomba asubuhi na kufika kwenye nyika hiyo alasiri atasamehewa akiliita hivyo.

Wazo la mume na mke kutoka pamoja kwenda kupiga picha katika nchi kavu si letu sisi. Mabwana na mabibi waliosoma habari za zamani watawakumbuka Martin na Osa Johnson, mtu na mkewe kutoka Marekani, ambao kati ya mwaka 1924 na 1927 waliweka maskani yao kando ya ziwa moja juu ya mlima wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, mahali palipozungukwa na jangwa pande zote, wakipiga picha za tembo na vifaru. Na desturi yao ilikuwa kwamba bwana huzungusha mpini wa kamera, na bibi husimama ubavuni kwake na bunduki, akingoja mnyama atakayekasirika. Mke wangu hana bunduki. Ana mwavuli, na ana ulimi, na nitawaambia muda si mrefu ni kipi kati ya viwili hivyo kilichonifaa zaidi.

Njiani sitakaa sana. Tulitoka alfajiri, tukapita Uyole watu wakipakia viazi, tukateremka Chimala. Karibu na Igawa tairi la nyuma likapata pancha, tukakaa saa nzima kwenye kivuli cha mgunga tukila mayai ya kuchemsha. Makambako upepo ulikuwa ule ule wa Makambako. Mafinga misonobari na malori ya mbao. Kufikia alasiri tulikuwa tumebakiza kilomita 20 hivi kabla ya Iringa mjini, na hapo tukaacha lami, tukafuata njia ya vumbi iendayo Isimila.

Asiyepata kufika Isimila ni vigumu kumweleza, kwa sababu ukiwa juu huoni kitu ila vichaka na mashamba, kisha ardhi inafunguka miguuni pako ghafla, na chini yake lipo korongo lenye nguzo nyingi za udongo na mchanga zilizosimama kama watu waliokuwa barazani wakainuka wote kwa pamoja, nyingine nyekundu, nyingine rangi ya maziwa yaliyoungua, nyingi zikiwa na kofia ya tabaka gumu juu, ambayo ndiyo iliyokinga udongo laini wa chini usichukuliwe na mvua. Mzee aliyetupokea, ambaye tulimwamkia shikamoo naye akatujibu marahaba kisha akaongeza kamwene ya Kihehe, kwa kuwa alitaka tujue tumefika nchi ya nani, alitwambia habari yake polepole huku tukishuka. Hapa palikuwa na ziwa, si kubwa wala si la kina kirefu. Mito ikalijaza mchanga na udongo, tabaka juu ya tabaka, hata likakauka. Kisha maji ya mvua yakaanza kuikata ile ardhi iliyojengwa na maji, na yangali yanaikata mpaka hivi leo. Katika tabaka zile waliacha vyombo vyao watu wa zama za mawe, waliokuwa wakija ukingoni mwa ziwa, nao wataalamu, kwa kupima madini ya urani katika mifupa, wamekadiria umri wa tabaka hizo kuwa takribani miaka 260,000.

Vyombo hivyo vilikuja kujulikana ulimwenguni mwaka 1951, baada ya msafiri mmoja kijana kuokota baadhi yake alipokuwa akipita, na mwaka 1957 na 1958 akaja mtaalamu F. Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake wakachimba. Wakapata mashoka ya mkono kwa wingi, mengine makubwa mno hata mtu hujiuliza ni mkono wa nani huo, na mifupa ya kiboko wa namna iliyokwisha toweka duniani, ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa kama mtu achunguliaye juu ya ua wa jirani. Mzee aliinama, akachukua jiwe moja katika mengi yaliyolala pale, akanipa nilishike. Lilikuwa la rangi ya majivu, zito kuliko nilivyodhani, limechongwa pande zote mbili mpaka likapata ncha. Na ubavuni mwake palikuwa na kibonyeo kidogo ambacho kidole gumba changu kilikiingia chenyewe, bila kufundishwa. Nikataka kulitazama zaidi, lakini mzee alikuwa amekwisha nyoosha mkono. Akalirudisha mahali pale pale alipolitoa, akaligeuza kidogo ili lilale kama lilivyokuwa limelala.

Basi nikatoa kamera. Jua lilikuwa limeinama, na kila mpiga picha anajua kwamba hiyo ndiyo saa yake, maana kivuli hurefuka na kila mkunjo wa udongo ukasomeka. Nikapiga moja, mbili, tano, kumi. Hapo ndipo nilipoona doa jeusi katikati ya picha yangu. Mke wangu alikuwa ameshuka mpaka chini kabisa, akaegemea shina la ile nguzo kubwa kuliko zote, akafungua mwavuli wake, akavua kiatu kimoja kutoa mchanga.

Nikapaza sauti: “Mama Neema, hebu sogea kidogo, unaniingilia kwenye picha!”

Akajibu bila kuinua kichwa: “Baba Neema, ni picha gani hiyo isiyonitaka mimi?”

Nikamweleza kwa upole, kama afanyavyo mwalimu aliyechoka, kwamba mahali hapa pana umri wa laki mbili na sitini elfu, na kwamba mtu mwenye mwavuli wa dukani atapaondolea taadhima yake. Akavaa kiatu. Akasema: “Haya, nikitoka, na wewe ukampelekea picha yako mtu wa Tukuyu ambaye hajapata kufika hapa, atajuaje kama hii ni nguzo au ni kichuguu?”

Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa nimeshika kamera, na katika kioo chake kidogo nilikuwa natazama zile picha kumi nilizozipiga kabla hajashuka. Wallahi zilikuwa vichuguu. Vichuguu vizuri, vilivyopigwa na jua la jioni, na mtu angeweza kuapa kwamba nilivipiga shambani kwangu nyuma ya choo. Kisha nikaifikia ile ya kumi na moja, ambayo niliipiga kwa hasira, yeye akiwa ndani. Na humo nguzo ilipaa ikapaa mpaka ikatoka juu ya ukingo wa picha, na chini yake, mdogo kama uyoga mweusi uliomea baada ya mvua, ulionekana mwavuli wa mke wangu. Mzee, aliyekuwa akiyasikiliza haya yote kwa adabu ya mtu ambaye ameona wake na waume wengi wakibishana mahali hapo, akasema kwamba hata wataalamu wa mambo ya kale hawapigi picha ya shimo bila kuweka ndani yake fimbo yenye alama nyekundu na nyeupe. “Sasa wewe umeletewa fimbo inayosema,” akaniambia, “nayo unaifukuza.”

Usiku ule, katika nyumba ya wageni pale Iringa mjini, nilikumbuka kitu ambacho kingepaswa kunijia siku nyingi. Nyumbani tuna picha ya marehemu baba yangu, ya rangi nyeusi na nyeupe, amesimama kando ya Kimondo cha Mbozi, mkono mmoja kiunoni na mwingine umeliegemea lile jiwe la chuma lililoanguka kutoka mbinguni. Ulimwengu wa wataalamu ulipata habari za kimondo hicho mwaka 1930. Urefu wake ni mita 3 hivi. Wako wanaosema ni tani 12, wako wanaosema ni tani 16, na ubishi huo haunihusu. Mimi tangu utoto nalijua jiwe lile kwa kipimo cha baba yangu. Najua linamfikia wapi. Najua kwamba kiganja chake kilikuwa kimeifunika ile sehemu iliyokatwa kwa msumeno na watu waliotaka kipande cha kupeleka kwao, na sijui kama alifanya hivyo kwa kusudi. Lau mpiga picha wa siku ile angekuwa na akili kama yangu, angemwambia baba asogee.

Asubuhi tukaenda Kalenga, na huko mambo yakapinduka.

Kalenga ndiyo iliyokuwa makao ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na hapo alijenga ngome yake, Lipuli, kwa kuta za mawe na udongo, katika miaka ambayo Wajerumani walikuwa wanapanda kutoka pwani. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, mashariki ya Iringa, askari wake waliwavizia wale wa kamanda Emil von Zelewski, wakamuua yeye na sehemu kubwa ya jeshi lake, wenye mikuki wakiwashinda wenye bunduki. Habari hiyo ilifika Ulaya ikawatia Wajerumani fadhaa. Miaka mitatu baadaye walirudi na mizinga chini ya Gavana Friedrich von Schele, na tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ikaanguka. Mtwa hakushikwa. Aliendelea kupigana porini, akihama huku na huko, karibu miaka minne, mpaka tarehe 19 Julai 1898, pale Mlambalasi, alipojipiga risasi mwenyewe kuliko kuingia mikononi mwao. Walichofanya ni kuikata maiti kichwa na kukipeleka kichwa ng'ambo.

Ya ngome hiyo ni machache yaliyosalia: mabaki ya ukuta hapa na pale, ambayo mgeni asiyeonyeshwa angeyapita akidhani ni tuta la shamba. Mke wangu alimwona mtoto wa shule akitutazama kutoka mbali, akamwendea kwanza mama yake aliyekuwa akianika mahindi, akaomba ruhusa, kisha akamsimamisha mtoto kando ya kipande cha ukuta. Mtoto akasimama wima kama yuko mbele ya bendera. Nikapiga, na safari hii sikunong'ona hata neno, kwa sababu tuta likageuka ukuta mbele ya macho yangu.

Tukaingia katika nyumba ya makumbusho. Ni ndogo, tulivu, ina mikuki na ngao na rungu, na ndani ya kioo limo fuvu la Mtwa. Yule kijana aliyetuongoza alitusimulia jinsi lilivyorudi. Katika mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, pamo kifungu cha 246, kilichowataka Wajerumani walirudishe fuvu hilo kwa serikali ya Waingereza katika miezi 6. Halikurudi katika miezi 6, wala katika miaka 30. Gavana Edward Twining ndiye aliyekwenda kulitafuta, katika jumba la makumbusho la Bremen, ambamo mafuvu ya watu yalikuwa yamepangwa kwa mamia. Na ili ajue ni lipi, alitumia hesabu ya vipimo, urefu wa kichwa na upana wake, akavilinganisha na vipimo vilivyochukuliwa kwa jamaa za Mtwa waliokuwa hai. Kwa hesabu hiyo lilichaguliwa moja, na tarehe 19 Juni 1954, hapa hapa Kalenga, likakabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Wako wanahistoria wanaohoji kama ndilo. Pale Kalenga sikumsikia mtu akilihoji.

Nikasogea karibu na kioo. Nuru iliyokuwa ikiingia dirishani ilikuwa njema, laini, ya upande mmoja, nami nakiri mbele yenu kwamba sikufikiri lolote zaidi ya nuru hiyo. Nikainua kamera. Kabla sijakaza macho, giza. Mke wangu alikuwa ameuweka mkono wake mbele ya lenzi, na kiganja chake kikaifunika yote.

“Mwache,” akasema kwa sauti ya chini. “Huyu amekwisha pimwa vya kutosha.”

Kijana wa makumbusho akaangalia pembeni. Nikaishusha kamera mpaka kifuani, nikakaa nayo vivyo hivyo kitambo. Katika safari ile yote yeye ndiye aliyekuwa akinidai mtu katika kila picha, na pale ambapo mtu mwenyewe alikuwepo, mbele yangu, katika nuru njema kuliko zote nilizozipata siku tano, akanizuia. Nami sikuona kwamba amejipinga. Huyo mmoja tu, katika wote niliowapiga, hakuwa amekubali wala kukataa kusimama.

Mlambalasi tulifika siku ya nne, kilomita zipatazo 50 kutoka mjini kwa njia iendayo Hifadhi ya Ruaha. Mti mmoja kati ya kumi ulikuwa na majani. Kaburi la Mtwa lipo hapo, na juu yake upo mwamba wenye pango ambamo wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walipata mifupa ya watu waliozikwa zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, wakakuta na zana zao za mawe. Kwa hiyo kilima kile kilikuwa makaburi kabla ya kuwa kaburi. Nilipiga picha moja tu, ya mke wangu ameketi pangoni amefunga mwavuli, kwa kuwa kivuli kilikuwepo cha kutosha. Siioni kuwa nzuri. Yeye anaipenda.

Tuliporudi Mbeya niliichukua kadi ya kamera nikaipeleka studio moja ya mjini, nikachagua picha ya kusafishwa, nami mnajua nilichagua ipi. Kijana wa studio akaifungua kwenye kompyuta, akaivuta ikawa kubwa, akaitazama kwa jicho la mtu wa kazi, akasifu rangi ya udongo, akasifu anga. Kisha akapeleka kishale chake mpaka chini kwenye shina la nguzo, akakizungusha pale penye mwavuli.

“Mzee, picha kali hii. Nikutolee huyu mama? Dakika mbili tu, panakuwa peupe kabisa, kama kalenda.”

Mama Neema alikuwa amesimama mlangoni, mwavuli umening'inia mkononi. Akauliza, kwa sauti ya mama anayeuliza bei ya nyanya: “Na ukishanitoa, mwanangu, utaniweka wapi?”

Kijana akageuka, akamtazama yeye, akautazama mwavuli, akarudi kuitazama picha. Akaondoa mkono wake kwenye kipanya. Akatuuliza tu kama tunaitaka ukubwa wa bahasha au ukubwa wa kalenda, nasi tukamwambia wa kalenda.